Vitu vya watu vimejaa kibandani kwangu, na sasa nanong'onwa mwizi

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 46. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na stendi ya daladala hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa saba. Sijui ilianzaje, lakini makonda walianza kuniachia vitu walivyokuta kwenye viti, wakafuata bodaboda, na sasa mtaa mzima ukiokota kitu unasema "mpelekee mama wakala". Nikatafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Leo ninavyoandika ina vitambulisho vya NIDA 14, kadi za benki tano, kadi moja ya kliniki ya mtoto, mashada tisa ya funguo, vitochi viwili na miwani. Siandiki popote. Kila kitu nakijua kwa kichwa, nani kaleta na lini.

Mwezi Machi niliachiwa simu janja. Akaja kijana, akasema ni yake, akataja namba, akapiga kwa simu ya mwenzake na ile ikaita mkononi mwangu. Nikampa. Siku ya nne akaja binti analia, ana boksi la ile simu na risiti. Kumbe yule kijana ni rafiki wa mtu anayeishi naye chumba kimoja. Hajaonekana tena. Nilimpa binti 150,000 kutoka kwenye mtaji ili moyo wangu utulie. Mume wangu hajui.

Kubwa zaidi ni la mwezi Mei. Mtoto wa jirani, yuko darasa la sita, aliokota pochi pembeni ya mtaro na mama yake akamleta kwangu. Tulifungua pamoja: 640,000, noti za elfu kumi zimefungwa mpira na elfu tano chache pembeni, risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, na ufunguo mdogo wa kufuli wenye uzi wa kijani. Hakuna kitambulisho. Nikabandika karatasi kibandani: "IMEOKOTWA POCHI NYEKUNDU YENYE SH. 640,000, MWENYEWE AFIKE HAPA." Jirani akaipiga picha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ndani ya siku tatu walikuja wanawake watano na wanaume wawili, kila mmoja anaapa. Nikawakatalia wote, na wawili kati yao hatusalimiani mpaka leo.

Sasa ni miezi mitatu. Mama wa mtoto, muuza vitumbua, anasema mwenyewe hayupo, pesa ni ya mwanawe aliyeiokota, na kwamba mimi naizungushia biashara. Mshauri, hapo ndipo panaponiuma. Mara mbili wateja walikuja kutoa pesa nyingi na keshi ilikuwa imeniishia, nikachukua kwenye ile ya pochi, nikairudisha jioni ileile. Haijapungua hata shilingi. Lakini nilichukua.

Mwenyekiti wa mtaa amesema niipeleke ofisini kwake. Nilipomwomba maandishi akacheka mbele ya watu: "Huniamini?" Mume wangu anasema nipeleke kila kitu polisi na nivunje hiyo ndoo, iko siku itanitoa roho. Niifanyie nini pesa hii? Na niache kupokea vitu vya watu? Naomba usiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshaambiwa.

Mama wa kibanda, Dar es Salaam

JIBU

Dada yangu, pole. Ungeweza kuandika barua hii yote ukaliacha lile la "mara mbili", na hakuna ambaye angejua. Umeliandika, kwa hiyo nami nitakujibu bila kuzunguka.

Kwa nilivyokuelewa, unashika pesa ambayo mwenyewe hajulikani, jirani yako anaitaka kwa niaba ya mwanawe, mkubwa wa mtaa anaitaka kwa heshima ya kiti chake, na mumeo anataka yote yaishe. Nyuma ya hayo kuna simu iliyokwenda kwa asiye mwenyewe, ambayo nadhani ndiyo inayokufanya uiogope pochi hii kuliko unavyopaswa kuiogopa.

Tuanze na neno moja ulilolichukua kwa jirani: kwamba mwenye mali hayupo. Je, ameshatafutwa? Karatasi uliyobandika ilitaja aina ya kitu, rangi yake na kiasi kilichomo. Aliyesoma alipewa majibu yote kabla ya mtihani, ndiyo maana walikuja saba. Kwa Waislamu, Mtume alipoulizwa juu ya kitu cha kuokota alielekeza kwamba mwokotaji akijue vizuri chombo chake na kamba iliyokifungia, kisha akitangaze mwaka mzima. Chombo na kamba anavijua mwokotaji. Mdai ndiye anayetakiwa kuvieleza. Tangazo la pochi hii lingetosha kusema: "Kuna kitu kimeokotwa karibu na stendi mwezi Mei. Aliyepoteza aje aeleze." Hata neno pochi lisingehitajika.

Rangi na kiasi vimeshatoka, havirudi. Lakini umebaki na vitu ambavyo, kwa maelezo yako, havikutangazwa: risiti, ufunguo, uzi wa kijani, na mahali hasa mtoto alipoiokota. Kabla ya kuvitegemea, jiulize nani mwingine anavijua. Mtoto na mama yake wanavijua, wewe unavijua. Umewahi kumsimulia mtu kibandani? Kama ndiyo, chukulia kwamba stendi nzima inajua.

Risiti ndiyo ningeitazama leo hii. Kama ni ya mashine ya EFD, ina jina la duka, TIN yake, tarehe na saa ya mauzo, na mara nyingine hata jina la mnunuzi. Karatasi ile huchapwa kwa joto, haina wino wa kawaida, kwa hiyo ikikaa juani au kwenye joto ndani ya ndoo maandishi hufifia au karatasi yote inageuka nyeusi. Inakili kwa kalamu neno kwa neno, kisha ipige picha. Usiipeleke kufanyiwa laminesheni. Ile mashine ina joto na utarudishiwa karatasi nyeusi. Halafu nenda dukani wewe mwenyewe. Huna haja ya kutaja pesa. Sema una risiti yao ya siku fulani, saa fulani, na unamtafuta aliyenunua vile vitu. Mtu aliyechukua bati ishirini au mifuko ya saruji huwa ameacha namba ya simu kwa ajili ya usafiri wa mzigo, au anajulikana na fundi aliyekuja naye. Hatari iliyopo ni kijana wa dukani kumtuma shemeji yake. Kwa hiyo mwachie namba yako ya simu tu, na ufunguo usiutaje hata kidogo.

Atakayekuja, mwache aongee. "Ulipotezaje? Ulikuwa unatoka wapi? Mbali na pesa, ndani kulikuwa na nini?" Ukimuuliza "je, kulikuwa na ufunguo?" umeshamjibia. Anayedanganya hujaza maelezo ya pesa, maana ndiyo anayoiwaza. Mwenye mali mara nyingi hukumbuka kwanza kile kidogo kilichompa usumbufu, kama kukuta kufuli na ufunguo hana. Na ufunguo wa kufuli una ushahidi wake. Kufuli jipya huuzwa na funguo mbili au tatu zinazofanana. Mwambie alete kufuli, au ufunguo mwenzake kama anao. Ziweke funguo mbili moja juu ya nyingine, uzishike kwa vidole kwenye mwanga: meno yakilingana jino kwa jino, hapo una kitu kizito kuliko kiapo. Akikwambia alishavunja kufuli akanunua jingine, usimfukuze, kwani ndivyo watu wengi wangefanya. Rudi kwenye risiti.

Sasa zile mara mbili. Najua ulikuwa unakopa kwa saa chache na ukarudisha. Lakini ni haki yako kujua kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapoeleza wizi, inaitaja pesa peke yake: kuichukua kwa nia ya kuitumia utakavyo huhesabiwa kuwa nia ya wizi hata kama ulikusudia kumrudishia mwenyewe kiasi kilekile. Sikwambii haya ili usilale. Nakwambia kwa sababu jirani yako anaposema "anaizungushia biashara" anagusa mahali penye jeraha, na pengine ndiyo maana maneno yake yanakuunguza hivyo. Kuna hasara nyingine ndogo: noti zilizomo sasa si zile za mwanzo, na huenda hazikufungwa tena vilevile. Jinsi zilivyofungwa lilikuwa swali zuri la kumuuliza mdai, na bado linaweza kusaidia ukiandika leo unachokumbuka na ukamuuliza mtoto naye, mama yake akiwa amekaa kimya, anakumbuka nini.

Kumwambia jirani au kutomwambia, hilo siwezi kukuamulia. Ukimwambia, unaweza kupata mtu anayejua huna cha kuficha; pia unaweza kulisikia jambo hilo kesho kwenye foleni ya vitumbua. Ukinyamaza, kila atakapokutazama utadhani anajua. Lisilo na utata ni kuizuia mara ya tatu. Pesa ihesabiwe mbele yake na mtu mmoja mwingine mnayemwamini wote, iingie kwenye bahasha, gundi, na ninyi watatu msaini juu ya mkunjo ili isifunguke bila kuonekana. Isikae kibandani. Wala usiiweke kwenye laini ya uwakala au kwenye simu yako, maana ikichanganyika na floti huwezi tena kuonyesha ipi ni ipi.

Kuhusu haki ya mtoto, mama yake hajakosea kila kitu. Sheria yetu humtazama aliyeokota kwa namna mbili. Kwa jinai, anayekitumia kitu alichookota hahesabiwi mwizi kama wakati huo hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Kwa mkataba, anayekiokota na kukitunza ana wajibu kama wa mtu aliyewekeshwa mali. Kwa hiyo swali ni lilelile: je, mwenyewe hawezi kupatikana? Pakiwa na risiti ambayo hakuna aliyeifuatilia kwa miezi mitatu, mimi ningeona ugumu kujibu ndiyo. Na kwenye mafundisho ya Kiislamu niliyoyataja, hata baada ya mwaka mwokotaji akiitumia, mwenyewe akitokea hulipwa. Jirani yako akiifahamu hiyo sehemu ya mwisho pengine hatakuwa na haraka sana: vitumbua ni biashara ya faida ndogo, na kuja kudaiwa 640,000 ghafla ni mzigo. Vyovyote itakavyokuwa, jina la mtoto liandikwe kama mwokotaji. Mwenye mali akitokea na kutaka kutoa shukrani, ajue aende kwa nani. Msimkatie kabla.

Mwenyekiti nakuomba umtazame upya, ingawa huenda uko sahihi. Ulimwomba maandishi mbele ya watu, naye akajibu mbele ya watu. Kiongozi aliyeulizwa karatasi hadharani husikia kwamba anaitwa mwizi. Ungeenda ofisini asubuhi, mtendaji akiwepo, ukiwa na karatasi umeshaiandika, nakala mbili: leo tarehe fulani nimekabidhi pochi yenye hivi na hivi, iliyookotwa na fulani, sahihi yangu, ya mpokeaji, ya shahidi, na muhuri. Akikataa hiyo nayo, utakuwa umejua jambo bila kugombana. Na akikubali, bado uulize bahasha itakaa wapi, maana ofisi nyingi za mitaa hazina hata kabati la kufungwa.

Polisi ni njia ya tatu, ile ya mumeo. Ukiichagua, hesabuni pesa mezani, iandikwe kwenye kitabu chao kwa kiasi na kwa noti, na usitoke bila namba ya RB. Uzuri wake ni kwamba mzigo unatoka mikononi mwako, na mdai atapambana na ofisi. Udhaifu wake kwa pochi hii ni kwamba aliyepoteza pesa bila kitambulisho mara nyingi haendi kuripoti. Anayekwenda kuchukua losi ripoti ni yule anayeihitaji kupata kitambulisho au laini mpya. Na jirani yako anaweza kuamini kwamba pesa imekwenda na haitarudi. Mkienda pamoja, yeye na wewe, sentensi hiyo inapungua nguvu.

La simu sitalikalia sana. Namba kuita kunathibitisha kwamba mtu anaijua namba, basi. Rafiki, mpenzi, mdeni, wote wanaijua. Mwenye simu huifungua kwa namba ya siri mbele yako, simu ikiwa mkononi mwako, na IMEI ya kwenye boksi hulingana na ile inayotokea ukibonyeza *#06#. Wewe una silaha nyingine ya kazini: ukianza kumtumia pesa mdai kwenye namba anayosema ni yake, jina la usajili hutokea kabla hujakamilisha muamala. Yule binti bado anaweza kuripoti polisi kwa IMEI aliyonayo, na kijana anajulikana anakotembelea. Ile 150,000 uliyompa, ulikuwa unalipa deni au unanunua usingizi? Na kama mtaji ule ni wa nyumba, mumeo atausikia siku moja kwa mtu mwingine. Anaposema ndoo itakutoa roho, huenda hakuonei wivu wa wema. Stendi, neno "mwizi" likishapigwa kelele, halisubiri maelezo. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa?

Ndoo yenyewe ina vitu ambavyo havihitaji kusubiri uamuzi wowote. Kadi ya kliniki ina jina la kituo. Ipeleke kesho, mama yule anaihitaji mahudhurio yajayo. Kadi za benki zirudi tawi lolote la benki husika. Vitambulisho 14 viende ofisi ya NIDA ya wilaya au polisi, kwa orodha iliyosainiwa. Mpaka hapo, mtu asipige picha ya kitambulisho kizima na kuitupa kwenye kundi. Ile namba ya tarakimu 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mtu, na pembeni kuna sura yake. Tangu Mei 1, 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, hayo ni maisha ya mtu. Jina la kwanza na la ukoo vinatosha. Funguo usiandike zimeokotwa mbele ya nyumba gani.

Ukiamua kuacha kabisa, ni haki yako. Bodaboda wana kijiwe, stendi ina viongozi wake, na mtaa utajifunza kwenda kwingine. Kutakuwa na wiki kadhaa za watu kukuona umebadilika. Ukiamua kuendelea, nunua kaunta buku ya kwaya mbili, na kila kitu kiwe na mstari wake: tarehe, kitu, aliyeleta na namba yake, mahali kilipookotwa, aliyekabidhiwa, alithibitishaje, sahihi. Kisichochukuliwa ndani ya siku 14 kiende ofisi inayohusika. Pesa na simu janja unaweza kukataa kuzipokea kabisa, ukabaki na funguo na miwani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe umekuwa daftari la mtaa kwa miaka saba, kwa kichwa kimoja kinachohesabu pia floti.

Kabla ya yote, itoe ile risiti usome tarehe. Ikikaribiana na siku mtoto alipookota pochi, wale saba nao waulizwe swali moja dogo: siku hiyo ulikuwa unajenga nini?